Gari Lisichutame

Kwenye kipindi kilichopita nilitaja gari la mchangani tunalojenga mie na kaka yangu hapa Maskati, na nikasema tumekwama nyuma. Mkacheka. Lakini ni kweli, tumekwama nyuma: kwenye mikono minne inayoishika ekseli, miwili ya chini na miwili ya juu. Springi kazi yake ni kubeba uzito tu, na shokapu kuutuliza mtikisiko.

Ukilitazama gari kwa ubavuni, ukairefusha mistari ya mikono hiyo kwenda mbele, inakutana kwenye nukta moja. Nukta hiyo ndo inayoamua ukikanyaga mafuta gari litachutama nyuma au litainua makalio.

“Kuchutama” ni neno la Baba. Mie nilisomea uhandisi kwa Kiingereza, yeye ufundi aliujulia gereji huko Unguja. Bila neno lake hilo mpaka leo tungekuwa tunaelezana kwa vidole.

Kati ya ekseli mbili tuna mita 2.9, na kitovu cha uzito kipo kama sentimita 80 juu ya ardhi. Mikono ya chini imelala sawa, sentimita 35 kutoka chini. Asilimia 100 maana yake nyuma haishuki wala haipandi. Mistari ikikutana mita 1.15 mbele ya ekseli ya nyuma, tunapata karibu 110, nyuma inanyanyuka. Kaka anaitaka hiyo, apandie matuta ya Wahiba. Mie siitaki. Tairi linashindiliwa mchangani kwa ghafla, linaachia, linashindiliwa tena, na kurukaruka huko ndo kunakochimba shimo. Mita 1.8 inatupa karibu 70, gari linatulia.

Halafu kuna mgongo wa Baba. Ana miaka sabini na kitu, na ameshasema atakaa nyuma na wajukuu wake, hataki kiti cha mbele cha mgonjwa. Kila ekseli ikiruka, yeye ndo wa kwanza kuipata.

“Dada, tunajenga gari au kitanda?”

Vyote viwili, nikamwambia.

Basi tumechomelea kwenye chesisi bamba lenye matundu matatu kwa mikono ya juu. Ukiipandisha ncha ya mbele, mistari inakutana mbali zaidi na asilimia inashuka. Siku ya Baba, bolti inakaa tundu la juu. Kaka akienda peke yake, spana anayo.