Usiende Agosti

Malindi, Jumapili jioni

Mwana wa dada yangu mpenzi,

Mamako amenisomea kwenye simu ratiba yako ya Italia: siku nane za Agosti, Milano, Venezia, Firenze, Roma, kisha Napoli kwa ajili ya pitsa. Sikumwacha amalize. Nimevaa miwani, nimekaa barazani, nakuandikia. Unajua nimesimama jikoni miaka 23 nikiwapikia Waitaliano hapa hapa Malindi, na lugha yao nilijifunza humo humo, mara nyingi kwa kukaripiwa. Kwao nimekwenda mara mbili. Basi nitegee sikio.

Kwanza huo mwezi. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu yao ya Ferragosto, na siku zinazoizunguka watu wa mijini huhamia baharini na milimani. Safari yangu ya kwanza nilishuka Milano tarehe 13. Mtaa niliofikia, mlango baada ya mlango, kikaratasi kimebandikwa: chiuso per ferie, tumefunga kwa likizo. Mwokaji mikate kaondoka, muuza matunda kaondoka, na mkahawa niliosifiwa tangu nikiwa huku umefungwa mpaka mwezi ujao. Mpishi mzima, nikala biskuti siku mbili.

La pili, umepanga safari kwa majina ya miji. Wewe mtoto wa pwani. Nani anayeagiza nguru katikati ya kusi akategemea bei ya kaskazi? Chakula chao nacho kina msimu na kina kwao. Kila kijiji kina sagra, karamu yake. Neno lenyewe limetokana na utakatifu, maana zamani ilikuwa siku ya mtakatifu wa kanisa la pale. Siku hizi anayesherehekewa huenda akawa uyoga, kitunguu au samaki. Wanakijiji wenyewe ndio wapishi. Meza ndefu zinapangwa uwanjani, zinatandikwa karatasi, unalipa kwanza kwa kashia, unapewa tikiti yako, unakaa popote penye nafasi. Mimi nilikaa ubavuni mwa bibi mmoja aliyenikagua sahani yangu kama mkaguzi wa afya, kisha akanimiminia nusu ya yake. Tangazo la karamu kama hiyo usilitafute hotelini. Tazama kuta za kijiji.

Ziko sherehe zenye jina kubwa. Camogli, Jumapili ya pili ya Mei, hukaanga samaki kwenye kikaango chenye upana wa karibu mita 4. Alba, kuanzia Oktoba, huuza tartufo nyeupe, uyoga wa chini ya ardhi unaonuswa na mbwa na kupimwa kwa gramu kama dhahabu. Uache kwanza, mfuko wako bado mchanga. Siena kuna mbio za farasi, 2 Julai na 16 Agosti. Utasimama juani saa nzima nzima kwa mbio zisizofika dakika mbili. Wenyewe hulia machozi. Mimi nilitaka maji tu.

Nikikupangia mimi, nenda mwisho wa Septemba, na uende Sisilia peke yake, tena upande wa magharibi tu. Palermo siku tatu, Trapani mbili, San Vito Lo Capo tatu. Hizo nane zimekwisha na hujachoka.

San Vito ni kijiji cha pwani ambako tangu 1998 hufanywa sherehe ya kuskusi, na wapishi wa nchi mbalimbali huja kushindana. Tarehe hubadilika kidogo kila mwaka, zihakikishe kabla ya kukata tikiti ya ndege. Kuskusi ilivuka bahari kutoka Afrika Kaskazini, na wavuvi wa Trapani wakaitia samaki. Nilimtazama mama mmoja akiitengeneza. Unga wa semolina umo kwenye bakuli pana la udongo; ananyunyiza maji ya chumvi, vidole vinazunguka, vinazunguka, kama nyanyako alivyokuwa akiviringa vipopoo, ila hizi ni chembe kama mchanga. Kisha huzipika kwa mvuke katika chungu chenye matundu, na pale chungu kinapokutana na sufuria huziba kwa ukanda wa unga mbichi ili mvuke usitoroke. Zikiiva huzimwagia mchuzi wa samaki, akafunika, akalifungia bakuli ndani ya blanketi la sufi kama mtoto mwenye homa. Nikauliza, kwa muda gani? Akasema, mpaka zinywe.

Usishangae ukijihisi uko nyumbani. Waarabu walishuka Sisilia mwaka 827, wakaitwaa Palermo 831, na mji ukabaki mikononi mwa Waislamu mpaka Wanormani walipouteka 1072. Maneno yamebaki midomoni. Zafarani wao huita zafferano, sukari ni zucchero. Sokoni Ballarò nilisoma kibao juu ya zabibu: zibibbo. Nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akadhani namdharau. Tambi zao za dagaa hutiwa zabibu na zafarani. Ukizionja utakumbuka pilau ya harusini. Na panelle, wanazotia ndani ya mkate, ni bajia za unga wa dengu, bapa tu.

Sasa la muhimu, kwa kuwa najua unavyojichunga. Nguruwe huko hajifichi, ila mafuta yake hujificha. Yanaitwa strutto. Mkate wa bandama wa Palermo ni nyama ya ndama, lakini kwa desturi hukaangwa kwa strutto. Ganda la cannoli nalo mara nyingi lina hayo mafuta, pengine na mvinyo wa Marsala. Uliza waziwazi: c'è strutto? c'è maiale? Hawaudhiki, hakuna zungumzo walipendalo kuliko hilo. Asubuhi kunywa granita ya lozi na kimkate chake, uniombee dua.

Viza unaweza kuiomba miezi 6 kabla ya safari, na isipungue siku 15. Usingojee hizo 15. Bima ya safari iwe na kinga ya yuro 30,000 au zaidi. Vyumba vya San Vito huwahi kujaa sherehe ikikaribia; ukikosa, lala Trapani, haifiki kilomita 50, na basi zipo.

Napoli na pitsa yao itakuwa safari nyingine. Haiondoki.

Ukiwa Trapani nenda ukaone mashamba ya chumvi, yenye vinu vya upepo kandokando. Maji yamegawanywa vidimbwi vidimbwi sawa na kule Gongoni, hata ule weupe unaoumiza macho ni ule ule. Niletee robo kilo, ya chembe kubwa. Nitamkaanga changu mmoja, upande huu chumvi yao, upande huu yetu, na mamako atakuwa hakimu.

Mjomba wako