Muffin Haitaki Oveni, Inataka Jivu

Wasee, kwanza tuelewane. Muffin ninayoongelea si ile keki ya kikaratasi. English muffin ni mkate wa hamira, mviringo na bapa, unaoivia juu ya kaango. Uingereza wanaiita muffin tu. Hilo jina refu limeshika Marekani, ambako Mwingereza anaitwa Samuel Bath Thomas alifungua bekari New York mwaka wa 1880.

Juu ya kaango! Na mimi tangu nitoke chuo nimekuwa nikisema video za mapishi zitaanza nikipata oveni. Mwaka mzima. Hapa Migwani watu wanakuuliza kwa upole, "Na siku hizi unafanya nini?" na unajua hawaulizi.

Basi Jumamosi nikachukua unga wa chapati wa Mwaitu, bila kuuliza. Vikombe vitatu, hamira vijiko viwili vidogo, sukari kijiko kikubwa, chumvi kidogo, maziwa vuguvugu kikombe kimoja na robo. Bakuli moja tu. Wale wa video za Nairobi wanachafua bakuli tano kwa sababu maji yao hayaletwi na punda. Kwa joto letu, unga ulifura ndani ya saa moja. Nikausukuma unene wa kidole, nikakata kwa glasi, nikanyunyizia unga wa ugali chini na juu usishike kaango, nikaviacha vifure tena nusu saa.

Halafu nikaweka juu ya makaa yanayowaka kabisa. Dakika tatu: nje nyeusi tii, ndani mbichi. Vinne vikaenda kwa kuku. Mwaitu hakugomba. Aliangalia kaango, akaniangalia, akaenda kuchuma sukuma. Heri angegomba.

Susu ndiye alivuta kigoda. Akachota jivu, akayafunika makaa.

"Huo ulikuwa moto wa nyama choma," akasema. "Weka wa muthokoi."

Mnajua muthokoi hauharakishwi. Nikaweka sita zilizobaki, nikafunika na sufuria, dakika saba upande mmoja, saba mwingine. Zikainuka polepole, zikapata rangi ya kahawia juu na chini, pembeni zikabaki nyeupe. Hivyo ndivyo zinatakiwa kuwa. Usikate na kisu, utazibana. Zungusha uma pembeni, kisha pasua kwa mikono ndio ule na vile vishimo. Asali ya huku Kitui inaingia humo ndani yote, manze, sitaki hata kuongea.

Simu ilikuwa imeegemea mtungi, inarekodi. Kipande cha jivu ndicho nimeweka mwanzo wa video, na mkono wa Susu unaonekana.

Mwaitu alikula mbili na chai, kimya. Akiosha kikombe ndipo akasema Jumamosi nitengeneze tena. Unga ninunue mwenyewe.