Kaa Wima!

"Kaa wima!" Kila nikienda Tanga likizo nilimsikia dada akimkaripia mwanawe hivyo. Mtoto alianguka mwembeni akiwa na miaka 9, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini. Miaka 3 baadaye shati lake la shule lilikuwa linaning'inia upande mmoja. Hata akila, mkono wa kushoto haukubanduka kwenye kiti. Akiuachia tu, anaanguka.

Mimi ni muuguzi Uingereza, nchi ambako daktari Ludwig Guttmann alianzisha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo pale Stoke Mandeville mwaka 1944. Huku, mtoto akipooza kabla ya balehe, madaktari hawasubiri dalili, maana karibu wote wanaoumia katika umri huo uti huja kupinda. Misuli ya kiwiliwili ni kama kamba za mlingoti: zikilegea, mlingoti hulala, na mtoto anavyorefuka ndivyo uzito unavyozidi kuuvuta. Hupigwa eksirei mara kwa mara hadi amalize kukua. Pembe ya mpindo ikifika nyuzi 10, hiyo tayari ni skoliosisi. Wengine huvishwa gamba la plastiki kiwiliwilini, na wengi huishia kufanyiwa upasuaji wa kuwekewa vyuma.

Lakini kilichonigusa zaidi ni futi ya kupimia. Sijawahi kumsikia mtu huku akimwamuru mtoto akae wima. Hupimwa mtoto: upana wa nyonga, urefu wa paja hadi nyuma ya goti. Kisha kinarekebishwa kiti.

Kiti mwendo cha mpwa wangu kilikuwa cha msaada, cha mtu mzima. Turubai lake lilikuwa limebonyea kama machela. Tako moja likizama, nyonga inainama, uti unafuata, na pale penye uzito kidonda kinachimba taratibu. Mtoto akae wima juu ya nini?

Ujuzi nyumbani upo. Hospitali ya KCMC, Moshi, wanafundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Na mapenzi yapo tele: bibi yake huamka kumgeuza usiku, wenzake humbeba hadi darasani. Huku nimewaona watoto wenye viti vizuri na hawana wa kuwabeba.

Desemba iliyopita, kabla ya kumpeleka mtoto Moshi kwa ajili ya kiti, nilimwomba dada aingize viganja vyake chini ya matako ya mwanawe, kimoja kila upande. Alinyamaza kidogo, mikono ikiwa bado mle.

"Mdogo wangu," akasema, "kumbe huku kunazama."