Boriti za Rufiji na Majumba ya Miji

Mtu atakaye kuyajua majengo ya kale ya miji yetu ya pwani huelekezwa kutazama milango ya nakshi, minara na kuta nene za mawe, kisha hutajiwa sultani, askofu au gavana aliyeamuru ujenzi. Ni nadra kuambiwa ainue macho aitazame dari. Mimi, mtu wa Ngorongo katika Bonde la Rufiji, huanza na dari, kwa kuwa huko ndiko iliko sehemu yetu katika historia ya miji hiyo.

Wazee wetu hawakutuachia majumba ya mawe. Walijenga kwa miti na udongo, na katika mashamba ya mpunga walikaa kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili maji ya mafuriko yapite chini. Nyumba za namna hiyo hazidumu miaka mia. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kwamba Rufiji haina la kusema juu ya ujenzi wa kale. Dhana hiyo si sahihi.

Mto wetu unapokaribia bahari hugawanyika katika delta iliyojaa mikoko, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote katika Afrika ya Mashariki. Huko wakataji walichagua miti iliyonyooka, wakaitenga kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Waliibeba mabegani wakipita katika tope, wakaihesabu kwa korija, yaani miti ishirini ishirini, na kungoja maji yajae ili vyombo viichukue. Ilikuwa kazi ngumu, nayo ilihitaji ujuzi.

Boriti hizo zilikwenda Unguja. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kama mita tatu tu. Sababu yake ni kwamba boriti ya mkoko haibebi dari ya mawe na chokaa zaidi ya upana huo. Tajiri aliweza kuongeza ghorofa na kurefusha ukumbi, lakini upana wa chumba chake uliamuliwa na mti wa Rufiji.

Ushahidi mwingine uko Mkunazini, katika Kanisa Kuu la Kristo. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwezi Juni mwaka ule ule. Askofu Edward Steere alitaka ukumbi mpana usiokatwa na nguzo za katikati. Boriti zisingeweza kuubeba, hivyo akaufunika kwa tao la zege la mawe ya matumbawe na saruji. Hivyo hata jengo lililoiacha boriti linatuonyesha mpaka wa nguvu zake.

Wala safari ya miti yetu haikuishia Unguja. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalirudi Uarabuni na kusi yakiwa yamesheheni boriti, nazo zikaezeka nyumba za Oman na Kuwait, nchi zisizo na miti mingi. Mwaka 1939 baharia Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, alifika katika delta akiwa ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja kupakia miti hiyo.

Mwaka 1987 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko, kwa kuwa msitu ulikuwa ukipungua. Baadaye ukataji wa mpango na kibali uliruhusiwa. Hatua ile ilifaa. Lakini Mji Mkongwe, ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una dari zinazooza na kudai boriti mpya. Ni dhahiri basi kwamba hatuwezi kuyahifadhi majumba huku tukiuacha msitu uangamie, wala kuulinda msitu huku tukiwasahau watu waujuao.

Pale ukutani linapoandikwa jina la aliyeamuru ujenzi, haki inadai liongezwe na jina la mahali zilikotoka boriti. Utamaduni wa taifa ni kazi ya mikono mingi, na mingine ilikuwa katika tope la Rufiji.