Tulipomtuhumu Fundi

Kijana wetu aliponunua kompyuta mpakato ya mtumba, ya aina ile inayotengenezwa kwa ajili ya gemu, hatukuficha kwamba hatukupendezwa. Alitueleza kuwa programu za kuchorea majengo anazofundishwa chuoni zinahitaji kadi ya picha yenye nguvu, na kwamba kadi kama hizo hupatikana zaidi katika mashine za aina hiyo. Maelezo yalikuwa ya kweli. Ila ni kweli pia kwamba usiku, michoro ikiisha, tulisikia feni zikivuma na kelele za uwanja wa mpira.

Baadaye tundu la chaja lililegea. Fundi mmoja wa Kariakoo alilibadilisha kwa siku tatu na shilingi 60,000, na kompyuta ikarudi nyumbani ikichaji vizuri. Usiku wa kwanza, dakika kumi tangu mchezo uanze, kioo kikawa cheusi na mashine ikajiwasha upya. Akaanza tena, ikazima tena. La ajabu ni kwamba akiandika au akisoma, ilikaa saa nzima bila kutikisika.

Hapo kila mmoja alikuwa na hukumu yake tayari. Sisi wazazi tulisema gemu ndizo zilizoichosha mashine, na tulisema kwa namna ya watu waliokuwa wakiingoja siku hiyo. Yeye alisema fundi amechomoa kifaa kizima na kuweka kibovu. Kwa kuwa hasira juu ya mtu wa nje ni nyepesi kuibeba kuliko ugomvi wa ndani, tuliiacha hukumu yetu tukaifuata yake.

Tulikwenda dukani Jumamosi mchana, wateja wakiwa wamejaa mbele ya meza. Hatukutukana. Tulisema tu, kwa sauti iliyosikika, kwamba vifaa vilivyoingia sivyo vilivyotoka. Fundi, kijana wa umri wa mwanetu, alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mama, mimi nimebadilisha tundu la chaja tu. Niachieni niiangalie."

Tukakataa. Tungemwachiaje tena mtu ambaye tumekwisha kumwita mwizi? Mama mmoja aliyekuwa ameshika simu yake iliyopasuka kioo aliirudisha mkobani, akaondoka.

Aliyetuweka sawa ni binti yetu mkubwa, mhasibu asiyejua lolote la gemu. Alituuliza kama tumekagua, na nini hasa tumekagua. Tukanyamaza. Basi jioni ile, baada ya sala ya Isha, tulikaa mezani wote wanne, tukapima jambo moja baada ya jingine.

Kijana alikuwa na picha ya kioo aliyoipiga siku ya kununua, ikionyesha kumbukumbu ya gigabaiti 16. Tukatazama sasa: 16. Tukasoma maandishi ya volti na ampea chini ya kompyuta, yakalingana na ya chaja. Tukatazama joto wakati wa mchezo, halikuvuka digrii 85, na feni zote mbili zilikuwa zikipuliza. Windows hutunza daftari la matukio, nalo lilikuwa limejaa tukio namba 41, ambalo maana yake ni kwamba mashine ilijiwasha upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Ni cheti cha kifo kisichotaja ugonjwa.

Kisha tukagundua jambo lililotusaidia kuliko yote. Windows ikipata hitilafu kubwa hujiwasha upya yenyewe, hivyo maandishi ya kosa yanaweza kupita kabla jicho halijayashika. Kijana aliiondoa amri hiyo kwenye mipangilio. Safari iliyofuata kioo kilibaki cha bluu, kikiwa na ujumbe uliotaja usimamizi wa kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo, ambayo mafundi huiita ramu, katika kompyuta yetu ni vibao viwili vyembamba vya gigabaiti 8 kila kimoja. Ichukulie kama meza ya kazi: barua hukaa pembeni tu, gemu hutandazwa meza nzima. Ndiyo maana mashine ilivumilia maandishi na ikaanguka kwenye mpira, kwa kuwa mpira ndio ulioifikia sehemu yenye kasoro. Kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows kilithibitisha kuwa kuna makosa.

Tukazima, tukachomoa chaja, tukafungua mfuniko wa chini na kutenganisha waya wa betri. Kibao cha kwanza kilipimwa peke yake, kikapita. Cha pili kikawekwa peke yake katika nafasi ileile, nacho kikapita. Kibovu hakikuwepo. Kilichokuwepo ni kibao kimoja ambacho hakikuingia mpaka mwisho katika nafasi ya pili, kishikio chake cha upande mmoja hakikufunga. Ili kulifikia tundu la chaja, fundi alilazimika kuung'oa ubao mkuu, na vibao hivyo navyo aliving'oa. Katika kuvirudisha, kimoja hakikushindiliwa sawasawa. Tulivibonyeza vyote hadi vikalia. Tukapima mara mbili, na kijana akacheza saa mbili mfululizo, sisi tukimtazama kama wazazi wa mchezaji wa taifa.

Jumatatu tulirudi Kariakoo. Fundi alituona tangu mbali, akaweka chini kazi aliyokuwa nayo. Tulimweleza tulichokikuta.

"Kibao cha nafasi ya pili?" aliuliza. "Hilo kosa langu, mzee."

Tukamwambia letu ni kubwa zaidi, na tukaomba radhi kwa sauti ileile tuliyomshitakia. Lakini saa ile dukani walikuwepo wateja wawili tu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo Jumamosi. Yule mama mwenye simu hatukumwona.