Dana Scully, Shosti Wangu wa Kwenye Luninga

Kila mmoja wetu ana mtu wake wa kwenye luninga. Nina shosti ambaye mpaka leo ukimtajia tamthilia za Kimeksiko tulizoangalia enzi zile anashika kifua, kisa mwanaume mmoja mwenye nywele ndefu na farasi. Simcheki. Na mimi nina wangu, ila wangu hana farasi. Ana koti jeupe, tochi na maswali mengi. Anaitwa Dana Scully.

Kama humjui, nikupe kwa ufupi. Scully ni mhusika wa The X-Files, tamthilia ya Kimarekani iliyorushwa kuanzia 1993 hadi 2002, kisha ikarudi 2016 na 2018. Aliyecheza nafasi hiyo ni Gillian Anderson. Katika hadithi, Scully alisoma kwanza fizikia, akaenda udaktari, akabobea katika kuchunguza maiti ili kujua chanzo cha kifo, halafu akajiunga na FBI. Huko anapangiwa kufanya kazi na Fox Mulder, jamaa mwenye akili kali lakini anayeamini viumbe wa sayari nyingine, mizimu, mazimwi, kila kitu. Wakubwa wanamtuma Scully aipime kazi ya Mulder kisayansi, wakitegemea ataizika. Yeye hakuizika. Aliipima kweli.

Nilikutana naye nikiwa kidato cha pili, kwenye DVD ambazo kaka alinunua Kariakoo. Kaka alifuata mazimwi. Mimi nilikuwa nasubiri Scully avae glovu aingie maabara. Jamani, nyumbani kwetu mtoto wa kike akiuliza sana aliambiwa ana mdomo. Huyu mwanamke alikuwa analipwa mshahara kwa kuuliza! Nikaanza kuchukua kemia kwa uzito. Leo mimi ni mteknolojia wa maabara, na siku ya kwanza nilipokaa mbele ya hadubini nikiwa na koti langu, nilimkumbuka yeye kabla sijamkumbuka mwalimu yeyote.

Si mimi peke yangu

Wapo watakaosema nimechanganyikiwa, nawezaje kumshukuru mtu ambaye hayupo? Basi tupo wengi. Mwaka 2018 Taasisi ya Geena Davis ya Marekani ilishiriki kutoa utafiti kuhusu jambo hilihili. Kati ya wanawake waliomfahamu Scully na wanaofanya kazi za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 63 walisema alikuwa mfano wa kuigwa kwao. Marekani yenyewe, yenye maabara kila kona, wasichana walihitaji kumwona mwanasayansi wa kubuni ili waone kwamba inawezekana.

Kingine kilichonivuta ni cheni yake. Scully ni Mkatoliki, na shingoni anavaa msalaba mdogo wa dhahabu. Anasali, na bado anataka ushahidi. Kwangu mimi niliyelelewa kati ya kwaya na vitabu vya biolojia, hiyo ilikuwa ruhusa ya kuwa na vyote viwili.

Alipoingia kwenye ndoa yangu

Mume wangu alinijua na Scully wangu tangu uchumba. Akinitania huniita Daktari Scully. Utani ulipungua mwaka wa tatu wa ndoa, pale mtoto alipokuwa hajaja na simu za ukweni zilipoanza kuwa nyingi. Mama mkwe, kwa mapenzi yake, alisema kuna mtaalamu mahali anajua kufungua matumbo yaliyofungwa. Tumbo lenyewe, bila shaka, ni langu.

Katika hadithi Scully naye anaambiwa hataweza kuzaa. Nilikuwa nimeshaziona sehemu zile, lakini safari hii nilizirudia usiku peke yangu, nikalia kama nimefiwa. Nilimlilia yeye kwanza. Ilikuwa rahisi kuliko kujililia mwenyewe.

Asubuhi nikamwambia mama, "Shikamoo mama. Ushauri wako nimeusikia. Naomba tuanze na hospitali, mimi na mwanao, wote wawili." Mume wangu akaruka. "Mimi ni mzima bwana, kwetu hakuna mgumba." Sikubisha, wala sikumcheka. Nilimuuliza kimoja tu: umejuaje? Kisha nikamweleza ninayoyaona kazini: wanawake wanapanga foleni ya vipimo peke yao, wakati karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, upande wa mwanaume nao unahusika. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo la uzazi wakati fulani maishani. Hiyo si laana ya ukoo wa mtu.

Tulinuniana siku nne. Usiku wa tano, taa imeshazimwa, nikasikia, "Daktari Scully, kesho saa ngapi?"

Majibu yangu yalikuwa mazuri. Mbegu zake zilikuwa chache. Kwa kuwa mbegu za kiume huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kipimo kilirudiwa baadaye, kikasema vilevile, na matibabu yakaanza. Hatujapata mtoto bado. Lakini yeye mwenyewe alimpigia mama yake akamwambia, "Mama, tatizo liko kwangu, mwache mke wangu." Mwenzangu, hakuna zawadi ya Valentino niliyowahi kupewa ikafikia sentensi ile.

Watu wanadhani kinachopendeza kwa Scully na Mulder ni yale macho wanayotazamana. Mimi naona ni hivi: miaka yote ile hawakubaliani, na hakuna anayemdhalilisha mwenzake. Scully anamwambia Mulder nionyeshe, halafu anawasha gari waende wakaangalie pamoja. Kuuliza "umejuaje?" kwa sauti ya upole si dharau. Ni kumwambia mwenzako kwamba ukweli wowote utakaotoka, utaupokea ukiwa naye.

Kwa hiyo kama una mtu wako wa kwenye luninga, usimwonee aibu. Jiulize tu amekufundisha nini, na kama nyumbani kwako wanakiona.