Frasila Mbili

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, nisije nikaonekana mlalamishi. Kikoba chetu cha Tandika kilivunjwa Desemba, tukagawana, zikabaki hela kidogo, mwenyekiti akasema mwaka huu pilau basi, twendeni Bagamoyo. Tukakodi Coaster, tukaondoka alfajiri ili tuiwahi foleni, na foleni ikatuwahi sisi. Kaole tuliona msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Misheni tulioneshwa mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, soko la samaki, picha nyingi mno. Kilichobaki kinanikereketa hadi leo ni nusu saa tuliyokaa Caravan Serai, jua likiwa utosini.

Kijana aliyekuwa akituongoza alikuwa na sauti nzuri, kasoro yake alikuwa anaijua. Tulipoingia uani, pale misafara ya bara ilipokuwa ikipokelewa, akatuambia tufumbe macho. Tukafumba. Akasema hapa ndipo watumwa walipofika na minyororo shingoni, wakaiona bahari, wakajua hawarudi tena kwao. Wakasema bwaga moyo, yaani uache moyo wako hapa, kiwiliwili kiende. Akina mama wawili wakaanza kupenga kamasi. Kisha akachukua kanga begani kwa jirani yangu, kanga ya sare yetu, akaenda moja kwa moja kwa Babu.

Babu ndiye mwanaume pekee katika kikoba chetu, tulimwingiza baada ya mkewe kufariki ili hisa zisipotee. Mnyamwezi wa Tabora, amekaa Temeke tangu ujana wake. Kijana akamshika mikono, akaanza kumzungushia kanga vifundoni.

"Babu yangu, kaa hivi, inamisha kichwa kidogo. Akina mama, leteni simu mpige picha."

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Naonesha, Babu. Wewe ni mtumwa."

Babu akaifungua ile kanga taratibu, akaikunja, akamrudishia mwenyewe.

"Babu yangu mimi alifika hapa kwa miguu yake," akasema. "Kutoka Unyanyembe, miezi mitatu. Begani pembe ya ndovu, frasila mbili. Akalipwa merikani, akarudi, akaoa. Kwetu zamani kijana asiyefika pwani nani angempa mke?"

"Lakini Babu, historia inasema..."

"Historia gani? Mtu umetembea miezi mitatu na frasila mbili. Ukiiona bahari unalia? Unabwaga mzigo, unabwaga na moyo. Unapumzika! Unacheza ngoma mpaka asubuhi!"

Kwa wasiojua, frasila mbili ni kama kilo 32. Mimi nikibeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani hadi mlangoni nakaa chini.

Nilimshangilia Babu moyoni, na nilimkasirikia yule kijana kuliko ilivyostahili. Nimekulia Kinondoni, nimeolewa Temeke, nguo za watoto nanunua Kariakoo, na Kariakoo ni jina la wapagazi, wale Carrier Corps waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia na kufa kwa maelfu. Mji wetu umebeba jina lao, ila sijawahi kuona mtu akifumbishwa macho kwa ajili yao. Na Bagamoyo ilikuwa bandari ya pembe zaidi kuliko ya watu. Wajerumani wakahamishia makao makuu yao Dar mwaka 1891, reli ikafika Tabora mwaka 1912, na kazi ya akina babu yake Babu ikaisha. Yote haya nilimwambia jirani yangu kwa sauti ya kusikika, maana nilitaka kijana asikie.

Alisikia. Baadaye ufukweni, wenzetu wakila samaki, alikuja akachuchumaa karibu na Babu.

"Shikamoo tena, Babu. Usinikasirikie."

"Marahaba. Sijakasirika."

"Mimi nikisema wapagazi, mgeni ananiuliza watumwa wako wapi. Asipolia, hatoi kitu. Nina watoto wawili."

Babu akamkatia kipande cha changu. Hasira yangu ikakosa pa kushika. Tangu hapo hadi jioni nilimwona Babu akimfundisha namna mzigo unavyofungwa, na yule kijana akirekodi kwa simu.

Ningeishia hapo, nikarudi nyumbani nimeshinda. Lakini tulipofika Mapinga tunarudi, gari limejaa vicheko, akina mama wanamwita Babu "mpagazi," yule mama anayeuza vitumbua sokoni kwetu, Myao, ambaye kwa kawaida haongei kwenye vikao, akasema kutoka kiti cha nyuma:

"Babu, wewe una bahati. Sisi kusini tulipitishwa Kilwa. Bibi yake bibi yangu alikuwa na dada. Jina lake tunalo. Yeye hatujui alikofika."

Vicheko vikakatika. Dereva akapunguza muziki bila kuambiwa.

"Pale uani nililia kweli," akaongeza. "Halafu mkasema ni uongo."

Hakuna aliyekuwa amesema ni uongo. Nilitaka kumwambia hivyo, nikakumbuka sauti yangu ile ya kusikika, nikanyamaza. Babu aligeuka kitini akamtazama.

"Anaitwa nani, huyo dada?"

Akamtajia. Babu akalirudia jina mara mbili, polepole, kama mtu anayepokea namba ya simu bila kalamu. Hadi Tegeta hakuna aliyeongea, na baada ya Tegeta tuliongea habari za foleni.

Tulishuka Tandika saa nne usiku. Chini ya taa ya duka, mhazini akafungua daftari kufunga hesabu: gari, viingilio, chakula. Akafika kwenye shilingi 20,000 za yule kijana, akainua kalamu.

"Hii niiandike wapi? Elimu au burudani?"

Mwenyekiti akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mama wa vitumbua, aliyekuwa tayari anavuka barabara na kapu lake.

Mhazini akaandika "mengineyo."